Profesa aliyechelewesha kiapo

Juzi pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, muuza kahawa hajatua hata dele lake, ubishi ukaanza. Mmoja wetu alisema kuna msomi anayepita mitaani na salamu nyingi kuliko kawaida, nasi sote tukajua anatafuta kiti. Nahodha mmoja mzee, aliyekwisha kuaga bahari, akacheka hadi kofia ikamtoka. "Maprofesa hawa huya kama kaskazi," akasema. "Ina msimu wake, kisha hiyo!"

Hakuna aliyempinga ila mimi, na nilimpinga kwa jina moja: Yash Pal Ghai.

Nikatazamwa kama mtu aliyetaja jina la dawa. "Ni nani huyo? Mhindi?" Nikawaambia ni Mkenya wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa 1938, na kama kuna mwanati aliyeitumikia nti hii bila kuomba kura ya mtu, basi huyu yumo. (Sisi watu wa Pwani, tulio hodari wa kupimana nani mwenyeji na nani wa kuja, hapo hunyamaza kidogo. Nao walinyamaza.)

Alianza kufundisha Dar es Salaam mwaka 1963, chuo kikiwa bado kichanga, akapanda hadi uprofesa na ukuu wa Kitivo cha Sheria. Baadaye akafundisha Uingereza, kisha Hong Kong, na katikati ya hayo akawa anaitwa na visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa vikitoka katika ukoloni, avisaidie kuandika katiba zao. Nayapita haraka haya. Wasomi wenye jina ng'ambo tunao wengi, na nyumbani hawajui hata bei ya maji.

Kilichonikamata mimi ni namna alivyorudi. Mwishoni mwa 2000 Rais Moi alimteua kuongoza tume ya kurekebisha katiba. Wakati huo kulikuwa na safari mbili za katiba zinazokwenda kwa kugombana: moja ya serikali na bunge, nyingine ya Ufungamano, ambako viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, walikaa pamoja na wanaharakati. Mtu mwingine angekula kiapo asubuhi, jioni akapewa gari na bendera, na wale wa Ufungamano wangejijua wenyewe. Ghai akakataa kuapa mpaka pande mbili ziungane. Akawa mwenyekiti asiye na kiti, mchana huku, usiku kule, anabembeleza watu waliokuwa hawataki hata kuonana. Miezi ikapita. Mwaka 2001 sheria ikabadilishwa, pande zikaungana, ndipo kazi ikaanza.

"Huyo alikuwa anasuka jarife kabla ya kupanga bei ya samaki," nahodha akasema. Nikajua nimempata.

Lakini sikumpamba. Tume ilizunguka majimbo yote 210 ya uchaguzi ya wakati ule ikisikiliza watu, kisha mkutano wa katiba wa Bomas ukaketi 2003 na wajumbe 629, na rasimu ikapitishwa Machi 2004. Baada ya hapo wanasiasa wakaikoroga. Yeye akajiuzulu mwaka huohuo, na rasimu iliyopindwa ikaangushwa na wananchi Novemba 2005, chungwa, alama ya "La", likaibwaga ndizi, alama ya "Ndiyo". Ukimpima kwa kiti alichokalia, alishindwa. Ilibidi tungoje hadi 2010, na katiba tuliyoipata ilibeba mengi ya Bomas, ugatuzi ukiwemo. Bila ugatuzi Lamu isingekuwa na gavana wa kumlalamikia barazani, na sijui tungeongea nini.

Mwaka 2012 akaongoza tume ya katiba huko Fiji. Huko polisi walizikamata nakala za rasimu zilizochapwa na kurasa zikatiwa moto.

"Na bado hakukoma?" akauliza kijana mmoja wa boti.

Hakukoma, na hapa ndipo penye maneno yangu. Mwaka 2011, yeye na mkewe, Jill Cottrell Ghai, walikuwa wamekwisha kuanzisha Katiba Institute, taasisi ya kuwafundisha watu katiba yao na kuitetea mahakamani. Mimi naiona hiyo kuwa kazi yake kubwa kuliko uenyekiti wote. Kuandika kifungu kizuri ni jambo moja. Kumfikishia kifungu hicho mtu wa Kwasasi, huku kwetu Lamu, ambaye shamba lake limechorwa kwenye ramani ya watu ni jambo jingine kabisa.

Chukua kifungu cha 22. Kinasema mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani haki zikivunjwa, hata kwa niaba ya wenzake. Kufungua kesi hiyo hakulipiwi ada, na maandishi yasiyo rasmi yanaweza kupokelewa. Halafu kifungu cha 70: ukidai haki ya mazingira safi, huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Yaani mvuvi hahitaji kungoja samaki wafe ndipo aseme.

Vifungu hivyo tumeviona vikifanya kazi. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi ulinyang'anywa leseni yake tarehe 26 Juni 2019, na mawakili wa taasisi hiyo ya Ghai walikuwamo katika kesi. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano ya mwanzo ilifanyika, lakini utafiti wenyewe wa athari za mazingira ulipokuwa tayari, watu hawakurudiwa wakaelezwa kilichomo. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya ya Lamu. Hukumu si pesa mkononi, wavuvi wanajua hilo kuliko mimi. Lakini iliandikwa.

Niliwahi kukaa katika mkutano mmoja wa kushirikisha umma hapa kwetu, si wa makaa, ni wa jambo jingine. Ripoti ilikuwa nene kama tofali, Kiingereza kitupu. Tuliandika majina, tukapewa soda. Mama mmoja akanyanyuka akauliza, "Mwanangu, hichi kitabu mwasoma nyinyi, au nasi tumo?" Aliyekuwa mbele akamwambia maswali ni mwisho. Mwisho haukufika, boti ya wageni ilikuwa inangoja.

Siku ile tulikuwa na wasomi wetu wanne ukumbini, wenye shahada, wazaliwa wa hapahapa. Nami nilikuwa mmoja wao. Hakuna aliyenyanyuka kumtafsiria mama yule hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo nahodha aliposema tunakuja kama kaskazi, nilibisha kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu langu lisingetosha.

Nahodha nilimwazima nakala yangu ya katiba, ile ya Kiswahili, nikamkunjia ukurasa wa kifungu cha 70. Wiki mbili zikapita. Jana nilipokwenda kuidai akanimiminia kahawa tungu, akaniambia haiko kwake tena. Iko Kizingitini, kwa shemejiye, na shemejiye kampa mvuvi wa kamba.