Mshono wa nje hausemi kitu, tuandikieni mlichofanya ndani

Mdogo wangu ametoka kliniki juzi hapa Moshi akanipigia simu analia, nikajua mtoto ana shida, kumbe mtoto mzima kabisa, kichwa kiko chini, mapigo safi. Kinachomliza ni kwamba aliuliza kama safari hii anaweza kujaribu kujifungua kawaida, akajibiwa wewe ulishapasuliwa, wewe ni wa operesheni, halafu akaitwa mwingine. Hakuna aliyemuuliza mara ya kwanza alipasuliwa kwa nini. Alipasuliwa kwa sababu mtoto alitanguliza matako! Huyu wa sasa amekaa vizuri, ile sababu haipo tena, sasa kwa nini mlango ufungwe kabla hata ya kuongea?

Tukaenda kwa daktari bingwa mwingine. Huyu alimsikiliza mpaka mwisho, na swali lake la kwanza likawa chale ya kwenye kizazi ilipita wapi. Mdogo wangu akainua gauni amwonyeshe mshono. Daktari akamwambia taratibu, mama, huo ni wa ngozi, ngozi inaweza kukatwa kwa kulala, upande kwa upande, chini kabisa, halafu kizazi kikakatwa kwa kusimama, juu kwenda chini, mimi nataka kujua wa ndani. Nikatoa karatasi ya ruhusa ya ile hospitali alikojifungulia, imekunjwa mara nne ndani ya kadi ya mtoto wa kwanza. Tarehe ipo, C/S, yaani kujifungua kwa operesheni, ipo, dawa za maumivu zipo, arudi baada ya siku 7 kutoa nyuzi. Basi. Sababu hakuna, chale hakuna.

Yaani hiki ndo kinachonichoma. Mtu amefunguliwa tumbo, amelala thieta, madaktari wameona kila kitu kwa macho yao, halafu anarudishwa nyumbani hajui alichofanyiwa. Na hicho asichokijua ndo kinaamua uzazi wake wote unaofuata! Mwenye chale moja ya kulala, sehemu ya chini ya kizazi, hatari ya kizazi kuchanika akiwa kwenye uchungu ni kama mmoja kati ya 200, na kwenye hospitali zenye uangalizi mzuri wanaojaribu wanafanikiwa 60 mpaka 80 kati ya 100, na kama alishawahi kujifungua kawaida hata kabla ya kisu basi ana nafasi nzuri zaidi. Mwenye chale ya kusimama iliyopanda juu ya kizazi hatari yake ni kubwa mara nyingi zaidi, huyo haruhusiwi hata kujaribu. Ni wanawake wawili tofauti kabisa, na karatasi zao zinafanana neno kwa neno.

Ile habari ya ukipasuliwa mara moja ni kisu maisha aliiandika daktari wa New York, Edwin Cragin, mwaka 1916, enzi ambazo chale zilikuwa za kusimama, na alikuwa anawaonya wenzake wasikimbilie kumpasua mama mara ya kwanza. Miaka zaidi ya 100 imepita, chale zimebadilika, jibu la kliniki bado ni lile lile.

Sawa, nakubali, daktari asiye na maandishi hana budi kuogopa. Usiku yuko peke yake, thieta moja, damu benki haijulikani kama ipo, hata mimi ningempasua. Ila hiyo hofu inatokana na karatasi ambayo mwenzake hakuijaza. Na kisu nacho kina gharama yake, kila operesheni inaongeza uwezekano wa kondo la nyuma la mimba inayofuata kung'ang'ania kwenye kovu, mama akamwaga damu mpaka kizazi kikatolewa. Huku kwetu watu wanataka watoto wanne watano jamani.

Na wale mnaosema wa kisu hajazaa, naombeni mnyamaze. Hakuna anayetafuta sifa hapa.

Kwa hiyo dada, kabla hujatoka wodini muulize aliyekupasua, kwa nini, chale ya ndani ilipita wapi, ilichanika zaidi ya ilivyokatwa au hapana, na je mimba ijayo naweza kujaribu. Aandike kwenye karatasi na asaini, piga picha, mtumie na mumeo. Halafu usikimbilie mimba nyingine, kizazi kipewe muda, uzazi na uzazi ukipishana chini ya mwaka mmoja na nusu hatari inapanda. Na ukifika hospitali kwa uchungu sema mwenyewe una kovu, maana vile vidonge vya misoprostol vya kuanzishia uchungu si vya mtu mwenye kovu.

Dawa za kienyeji pia. Mama mkwe wake wa Rombo, mama mwenye upendo sana, ameshaanza kuulizia mizizi ya kuharakisha uchungu. Nimempigia, shikamoo mama, mtori wako tunausubiri kwa hamu ila hiyo dawa hapana, inabana kizazi kwa nguvu ambayo hakuna anayeweza kuipima, na kovu liko hapo hapo. Amenielewa, ingawa alikaa kimya kidogo.

Mimi nimerudi ile hospitali ya kwanza na namba ya faili, kitabu cha thieta kimepatikana, chale ilikuwa ya kulala. Daktari amekubali ajaribu, kwa masharti. Ahamie kwangu mjini akifika wiki ya 37 maana kutoka Rombo usiku na uchungu si jambo la kubahatisha, ndugu wawili wawe tayari kutoa damu, mapigo ya mtoto yafuatiliwe muda wote, na akisikia maumivu yasiyoachia kati ya uchungu na uchungu au akiona damu aseme hapo hapo. Uchungu usipoanza wenyewe mpaka tarehe waliyokubaliana, anaingia thieta, na hilo amelikubali kwa moyo mweupe kwa sababu safari hii kuna mtu amekaa chini akamweleza.