Na Malagarasi je?

Makala yenu ya wanyama wa kutisha wa mto Amazon nimeisoma yote, ila mwandishi kamkuza mno piranha, yule samaki mwenye meno makali. Eti kundi linammaliza mtu mzima akiwa hai! Mara nyingi ni kung'atwa kidole cha mguu maji yakipungua, au kugombea mzoga. Nyoka anakonda naye hana sumu, anabana tu. Wa kuogopwa pale ni samaki aitwaye mkunga wa umeme: mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kumpima mmoja akatoa volti 860. Na wala si mkunga halisi, ukoo wake uko karibu zaidi na kambare.

Sasa sisi wa Kigoma tunaye kambare wa umeme humu humu Ziwa Tanganyika. Mnene, ngozi laini isiyo na magamba, midomo imevimba, madoa meusi. Mguse kwenye wavu uliolowa uone mkono unavyokufa ganzi, na wenzio mtumbwini wanacheka. Swila wa majini naye yupo, anawinda samaki kwenye mawe. Sumu kali, lakini akikuona anazama zake.

Hao wote mimi siwahesabu. Huku mto Malagarasi, kuanzia Uvinza kushuka hadi Ilagala, shida ni mamba. Na kiboko, anayetoka usiku kula nyasi. Alfajiri akirudi akukute umesimama kati yake na maji, kwisha habari yako. Mhariri, safari ijayo tuma mtu huku, awaulize kina mama wanaochota maji mtoni kwa ndoo.