Fisi hana undugu na haidrojeni

Juzi binti wa dada yangu alinionyesha karatasi aliyopewa kwenye kituo cha pre-form one, masomo ya kujiandaa na Kidato cha Kwanza, anakosoma, huku Nyakato, Mwanza. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa WORDS BEGINNING WITH HY, na chini maneno yamepangwa pamoja na maana zake. Hyena, fisi. Hymn, wimbo wa dini. Hygiene, usafi. Hydrogen, haidrojeni. Hyphen, kistari. Hyacinth, gugu maji. Hypocrite, mnafiki. Yakaririwe yote, kesho yake jaribio. Akaniuliza, "Mjomba, fisi na haidrojeni vinahusiana nini?" Kumbe alishamuuliza mwalimu wake, akaambiwa akariri kwanza, ataelewa mbele ya safari.

Hasira yangu haijapoa hadi sasa.

Swali la mtoto huyu ni zuri kuliko chochote kilichochapwa kwenye karatasi ile. Ameona maneno yana herufi zilezile, akadhani ipo sababu, kwa kuwa katika lugha yake sababu huwa ipo. Mama yake anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Tangu akiwa mgongoni amesikia vua, mvuvi, uvuvi, akajua bila kufundishwa kuwa ni habari moja. Amekua na kitabu, katibu, maktaba na katiba. Humo mote zimo k, t na b, na kote kuna maandishi, kwa sababu mzizi ni mmoja wa Kiarabu. Mtoto wa Kiswahili anakwenda sekondari akiwa tayari na mazoea ya kunusa mzizi wa neno. Sisi tunampokea kwa orodha inayomwambia asinuse.

Chukua hilo hilo hydrogen. Hydro imetokana na neno la Kigiriki la maji, na gen ni kuzaa: kizaa maji. Wanakemia wa Ufaransa, Lavoisier akiwemo, waliipa gesi hiyo jina hilo mwaka 1787 kwa sababu ikiungua hutoa maji. Yaani ndani ya jina kuna jaribio zima la kemia, na mtoto akishaelezwa hivyo ana mahali pa kulishikia neno. Kisha maneno mengine yanakuja yenyewe. Hydroelectric ni umeme wa nguvu ya maji, ule wa Mtera na Kidatu atakaousoma kwenye jiografia. Dehydration ni mwili kuishiwa maji, na rehydration ni kuurudishia. Hilo la mwisho limeandikwa kwenye pakiti ya ORS (oral rehydration salts), ndiyo hiyo R ya katikati. Na nani kati yetu, watu wa kando ya ziwa, asiyeijua pakiti hiyo? Kipindupindu kikiingia mtaani, mama ambaye hajawahi kuongea Kiingereza hata siku moja anaikoroga kwenye lita moja ya maji salama na kumnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Neno liko nyumbani kabisa, mkononi mwa mama, na lingeweza kuokoa hata maisha likieleweka. Huko kituoni mtoto anakaririshwa hydrogen ikiwa katikati ya fisi na kistari, bila kudokezwa hata kidogo kwamba kuna maji humo.

Na hilo la gugu maji, ambalo limekuwa likitusumbua ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ndilo lililonichoma zaidi. Mtoto mwenye akili ataona hy, ataona maji, ataunganisha. Atakuwa amepotoshwa. Hyacinth ni jina la kijana wa hadithi za Kigiriki ambaye ua lilichipuka kwenye damu yake. Halina maji ndani yake. Maji yanatajwa na water, kwa sababu mmea wetu huitwa water hyacinth, na karatasi imeliacha neno hilo. Hyacinth peke yake ni ua jingine la bustanini. Maana wanayokaririshwa watoto ni ya makosa, na wamelipia ada.

Hypocrite nayo ingekuwa nafasi ya kufundisha hypo na hyper, chini na juu. Hypertension ni presha ya kupanda, hypotension ni ya kushuka, na mtu akizichanganya kwenye cheti cha hospitali si jambo dogo.

Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba Kiingereza kina sehemu ambazo lazima ukariri. Knee, knife, knock: zamani Waingereza wenyewe waliitamka hiyo k, wakaja kuiacha, ila uchapaji, uliofika kwao mwaka 1476, ukawa unaigandisha tahajia huku matamshi yakiendelea kubadilika. B ya debt iliingizwa na wasomi waliotaka neno lifanane na debitum ya Kilatini. Huko mtoto akariri, sina ugomvi. Nakubali pia kwamba walimu wamechoka na madarasa yamefurika. Kiboko kwa kila neno lililosahaulika sitakizungumzia leo.

Lakini kufungua kamusi ukurasa wa HY na kunakili si kazi ya ualimu. Kamusi imepangwa kwa alfabeti kwa ajili ya mtu anayetafuta neno alilokwisha kukutana nalo. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, na ambaye wengi wa rika lake hapa Mwanza walianza na Kisukuma nyumbani, hajakutana na chochote bado. Januari ataketi Kidato cha Kwanza, na karibu kila somo litamjia kwa Kiingereza, biology ikiwa na photosynthesis, geography ikiwa na export na import. Port ya humo ni kubeba: kupeleka nje, kuingiza ndani, na transport ni kuvusha upande wa pili. Hilo linaelezeka kwa dakika tano kwa mtoto anayeona minofu ya sangara ikipakiwa kwenda ng'ambo.

Walimu wa pre-form one wa Nyakato, Igoma, Buhongwa, muda bado upo kabla ya Januari. Anzeni na hydro, mwende bio, photo, geo, port. Na mtoto akiuliza maneno mawili yanahusiana nini, mjibuni, hata kama jibu ni kwamba hayahusiani.