Harambee Moja Haimfikishi Mgonjwa Mzunguko wa Nne

Tangazo la kumchangia mgonjwa wa saratani limezunguka tena wiki hii kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kigoma, kuanzia Gungu mpaka Ujiji: picha ya titi la mama wa watu lenye kidonda, sura iko wazi kabisa, chini yake namba ya simu na maneno "ukishindwa kuchangia, sambaza". Nani alimuuliza mama yule kama anataka kidonda chake kionwe na wakwe zake, na wanafunzi wanaosoma na mwanawe, na kila muuza mitumba wa Mwanga sokoni? Basi, watu wakachanga, mikono ya dua ikamiminika, mweka hazina akatangaza "lengo limetimia, Mungu awabariki", kundi likafungwa. Sijui kama saratani nayo ilipewa taarifa.

Shida yetu ni kwamba tunachangia ugonjwa kwa kanuni za msiba. Kwenye msiba hatuna mpinzani. Turubai, masufuria, mchele, mafuta, sanda, watu wa kuchimba kaburi, yote yanapatikana kabla jua halijazama, na siku ya tatu kila mtu yuko kwake. Sasa tumeuchukua utaratibu huohuo na kumvisha mtu aliye hai ambaye dawa yake inahesabiwa kwa miezi.

Tufanye hesabu ambayo haifanywi kwenye makundi hayo. Saratani ya titi mara nyingi hupewa kemo, yaani dawa kali za saratani za dripu, mizunguko sita mpaka minane, kila mzunguko baada ya siku 21. Mizunguko sita peke yake ni safari sita za kwenda na sita za kurudi. Mgonjwa hasafiri peke yake, kwa hiyo ni nauli 24, kabla hujazungumzia chakula na malazi. Saratani ya shingo ya kizazi iliyo katika hatua za kati hutibiwa kwa mionzi ya nje, kwa kawaida mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani wiki tano, na kemo mara moja kila wiki katikati ya hiyo mionzi, kisha inafuata mionzi ya ndani, inayowekwa mwilini karibu na uvimbe. Mionzi haitolewi Jumamosi wala Jumapili, lakini tumbo halijui wikiendi. Kigoma hatuna mashine ya mionzi. Hospitali ya mkoa ya Maweni watakuandikia rufaa, na rufaa hiyo ni hospitali ya Bugando, kupita Kasulu, Kibondo, Kakonko mpaka Nyakanazi ndipo uanze kuitafuta Mwanza, au ni taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwisho mwingine wa reli.

Kinachotokea mnakijua. Mzunguko wa kwanza anasindikizwa stendi ya Masanga na watu saba na begi la dagaa. Wa pili wanakwenda wawili. Wa tatu anapigiwa simu. Wa nne anaazima nauli, anakosa, anasema "nitaenda mwezi ujao nikipata nafuu". Wanaomwambia kwamba hakuna ubaya, apumzike kwanza, hawajui wanachokisema. Matibabu ya saratani ya shingo ya kizazi yanatakiwa yakamilike yote, mionzi ya nje na ya ndani, ndani ya wiki nane hivi tangu siku ya kwanza. Ukikatiza wiki ya tatu, seli zilizonusurika haziendi likizo. Zinazaliana, tena kwa kasi kuliko mwanzo, na zile siku 15 za mionzi alizokwisha kuungua bure hazirudi. Shamba ukilipalilia nusu ukaliacha na mvua, utakuta nini? Kwa hiyo ile fedha ya harambee ya kwanza, iliyotangazwa kwa mbwembwe, imelipia madhara yote ya dawa na faida kidogo sana.

Kinachohitajika ni mchango mdogo usiokatika, uliofungwa kwenye tarehe za kadi ya kliniki ya mgonjwa. Nyumba 40 za mtaa zikitoa 2,000 kila wiki ni 80,000. Kwa wiki 26 ni 2,080,000, na hakuna aliyeuza mbuzi. Mnaosema watu wa mtaani kwetu hawawezi 2,000 kwa wiki, hao hao wanatoa zaidi ya hapo kwenye kamati ya harusi ya mtu wasiyemjua jina la baba yake.

Ila anayekusanya awe na akili ya Kigoma. Kibirizi, kwa wavuvi, huwezi kudai kila Jumamosi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukishajaa, vipe, yaani mitumbwi ya dagaa, vinalala ufukweni na mifuko nayo inalala. Kwa wavuvi chukua ya wiki mbili au tatu kwa pamoja wakati wa giza, uache kuwasumbua mbalamwezi. Kalinzi, kwa wakulima, subiri kahawa. Na nyumba isiyo na fedha isifutwe kwenye daftari: chupa ya mawese, kulala na watoto wa mgonjwa akiwa safarini, ndoo nne za maji kila asubuhi, kupalilia mihogo yake. Andika vyote hivyo kama mchango, kwa jina, kwa sababu ni mchango.

Sawa, nakubali kwa shingo upande: mkupuo nao una kazi yake. Kipimo cha kinyama (kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara), picha ya CT, na safari ya kwanza haviwezi kusubiri 2,000 za wiki. Fanyeni harambee yenu. Lakini siku hiyohiyo ya harambee, kabla watu hawajanyanyuka kwenye viti, kadi ya kliniki isomwe tarehe zote na daftari la wiki lifunguliwe. Na fedha isikae kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Akiugua au akifa, kuitoa ni kazi nyingine. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, salio litangazwe kila Jumapili.

Sasa bajeti yenyewe, maana hapa ndipo hata wenye nia njema wanapoanguka. Msipange siku kamili. Kabla ya kila drip mgonjwa anapimwa damu, na chembe nyeupe zikiwa chini anaambiwa arudi baada ya wiki. Mwenye nauli ya siku tatu tu atalala kwenye benchi, au atarudi Kigoma bila dawa na mfuko mtupu. Wekeni akiba ya wiki nzima kwa kila safari. Muulizeni daktari wake kama anakubali picha kamili ya damu ipimwe huku Kigoma siku mbili au tatu kabla ya kusafiri, majibu atumiwe kwa simu. Akikubali, na damu ikakutwa chini, mmeokoa nauli nne kwa kipimo kimoja. Kwa mionzi hesabuni wiki saba hadi nane badala ya tano, kwani mashine huharibika na sikukuu hazikosekani. Na ndugu wa kumpokea Dar achaguliwe kwa umbali, msiangalie ukubwa wa sebule. Mwenye mionzi ya nyonga anaharisha. Kumpandisha gari kutoka Mbagala au Gongo la Mboto kila asubuhi hadi Ocean Road ni kumtesa, bora chumba kimoja kibovu kilicho karibu.

Makaratasi: majibu halisi ya kinyama, fomu ya rufaa, picha na ripoti za vipimo, kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima kama ipo. Vipigwe picha na kukaa kwenye simu mbili tofauti. Akifika bila majibu ya kinyama hataanzishiwa dawa, atarudishwa kwenye foleni ya kupimwa upya, na wiki zinakwenda. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii ya kaya, iliishia hospitali ya mkoa, msiitegemee Mwanza. Asiye na uwezo aanze na barua ya mtendaji, kisha ustawi wa jamii, kabla ya kusafiri. Kuomba msamaha wa gharama wakati bili imeshatoka ni kupanda mlima kwa magoti.

Msindikizaji asiwe binti wa kidato cha pili aliyetolewa shule kwa kuwa "ndiye yupo nyumbani". Wawe watu wazima wawili wanaopokezana, angalau mmoja ajue kusoma maelekezo ya dawa na asione aibu kumuuliza daktari mara ya pili.

Nyumbani, mgonjwa anunuliwe kipimajoto. Ni kitu kidogo cha duka la dawa na kinaokoa maisha kuliko katoni tano za juisi mnazompelekea. Kati ya siku ya saba na ya 14 baada ya kemo kinga huwa chini kabisa. Joto likifika 38, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, hivyo bodaboda mmoja wa mtaa alipwe kabisa akae tayari. Msimpe panadol kwanza "tuone kama itashuka". Itashuka, ndiyo, na maambukizi yataendelea kimyakimya kwenye damu mpaka asubuhi. Anayefua matapishi na mashuka siku mbili za mwanzo baada ya drip avae glavu, kwa sababu dawa inatoka na maji ya mwili. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, rudisheni kikombe chake kwenye kabati la wote.

Chakula: mdomo ukiwa na vidonda, pilipili na ndimu viwekwe kando. Uji wa karanga, ndizi za kupondwa, mayai yaliyoiva sawasawa, samaki wa mgebuka wa kuchemsha. Kidogo mara sita kwa siku. Majani ya mganga asiyesema ni majani gani yasubiri, figo zinazopitisha kemo zina kazi ya kutosha. Na hadithi ya "amerogwa na wifi yake" sina muda nayo.

Kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Majirani wanaacha kuja kwa sababu ya harufu. Kidonda cha titi au uchafu wa shingo ya kizazi ukinuka, mgonjwa analijua kabla yenu, na ndiyo maana anasema amelala. Harufu hiyo ina dawa. Chemsha maji nusu lita na kijiko cha chai kimoja cha chumvi, yapoe, kidonda kisafishwe taratibu. Muulize muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazole vilivyosagwa unga na kunyunyizwa juu ya kidonda, halafu funika kwa kitambaa kilichochemshwa. Kikiganda, kiloweshe kwanza ndipo ukitoe, usikibandue. Mama mmoja wa mtaa akifundishwa hilo, wageni watarudi.

Maumivu nayo yana dawa, morfini ya maji, inayotolewa hospitalini na kunywewa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia daktari huiongeza maradufu ili mtu apate usingizi. Inafunga choo, hivyo aombe dawa ya kulainisha siku hiyohiyo. Tafadhalini, acheni kumnong'oneza kwamba ni dawa ya kumalizia watu. Mtu anasaga meno usiku kucha kwa sababu ya maneno yenu ya kibarazani.

Akimaliza mzunguko wa mwisho msilifunge daftari. Miaka miwili ya mwanzo ataitwa marudio kila miezi mitatu au minne, na nauli ya marudio ndiyo ya kwanza kusahaulika kwa sababu anaonekana mzima, amenenepa, ameanza kwenda sokoni. Punguzeni iwe 500 kwa nyumba.