Tangi Linaendeleaje?

"Nahodha, tangi linaendeleaje?"

Ndivyo alivyoniamkia fundi leo asubuhi mbele ya duka la mikate, meno yote nje. Linaendeleaje! Kama vile tangi lina presha na limeambiwa lipunguze chumvi. Nikamjibu "Alhamdulillahi," kwa sababu nimelelewa, nikachukua mikate yangu mitatu, nikashika njia. Lakini moyo unanichemka mpaka saa hizi, na afadhali niutue kwenu kuliko kuutua nyumbani, maana nyumbani ndiko wanakonicheka zaidi.

Mambo yalianza na ulimi wangu. Mashua ilikuwa na maji ngamani, kule chini kabisa ya chombo, kila siku maji ngamani, pampu inanguruma mpaka betri inazimia. Sasa maji ya ngama yana kipimo kimoja tu, na wenye vyombo mnakijua. Basi mie, mtu mzima, baba wa watoto wanne, mtu ambaye arusini huwekewa kiti cha mbele, nikapiga magoti chini ya sitaha, nikachovya kidole kwenye uji mweusi wa dizeli na magamba ya changu, nikaramba.

Matamu.

Sijapata kuitamani chumvi maishani mwangu kama nilivyoitamani siku ile. Yangekuwa ya chumvi, ningemwita fundi wa kalafati azibe nyufa kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, yamekwisha. Matamu maana yake mashua ni nzima na linalovuja ni tangi la maji ya kuogea wageni. Na tangi lile ni lita 400, yaani madumu 20 yanayotoka kwenye bomba, yakapita mchangani, yakapita maji ya kiunoni, yakapandishwa chomboni dumu moja moja. Bomba lenyewe nalo, hapa Nungwi, Unguja... basi, tusianze na bomba. Kumbe miezi yote hiyo nanunua maji matamu pwani, nayabeba mpaka baharini, kisha nayamwaga baharini kwa pampu yangu mwenyewe na betri yangu mwenyewe. Bahari ya Hindi haijanipa hata ahsante.

Ushauri nilipata, tena bure. Kijana mmoja alisema iko gundi, kaiona kwenye simu. Shemeji yangu alisema nipige simtanki la lita 1000 juu ya sitaha, "kama watu wote". Nikamwambia tani nzima ya maji kichwani mwa mashua, ikicheza kulia na kushoto, haitatupeleka kwenye matumbawe bali kaburini. Mzee wa barazani akasema wao walikwenda Mombasa na pipa moja na walirudi, hakueleza wakiwa katika hali gani. Nahodha mwenzangu ndiye aliyesema la maana: chuma cha pua kisichoshika kutu, kama cha tangi langu, nacho kinataka hewa. Ukikikandamiza kwenye ubao uliolowa maji ya chumvi, mahali pasipopita upepo, kinatoboka vitundu vya sindano, na huanzia palepale kwenye mishono ya kuchomelea. Nilimshukuru. Ningemshukuru zaidi angeniambia miaka mitano nyuma.

Ndipo nikamwita fundi.

Tumpe haki yake, fundi ni mtu makini. Alishuka chini na futi yake na tochi ya simu, akakaa kule karibu saa nzima, tukisikia tu kukohoa. Alipopanda alikuwa na kipande cha boksi la sigara, akatusomea kwa sauti ya khutba: "Mia na ishirini. Themanini. Arubaini na mbili." Sentimita. Akasema atatia kuta mbili ndani ili maji yasikimbie ovyo chombo kikilala, na kibomba cha pumzi juu ili tangi lisibinyike pampu ikivuta. Nikasema moyoni, huyu kasoma. Nikatoa nusu ya fedha, shilingi 650,000, kwa mkono usiotetemeka sana.

Tukangoja bamvua, siku zile maji yanapojaa kuliko zote. Mashua tukaiburura mchangani maji yalipojaa, tukaitia magogo ya ubavuni, na yalipotoka ikabaki juu inang'aa matako. Hapo una siku chache tu: mwezi ukishaanza kupungua na maji kuwa mafu, mashua haiinuki tena mpaka bamvua jingine, wiki mbili hizo, na wageni wa kwenda kuzamia wanakwenda na mwenzako.

Siku ya pili tangi likaja kwa gari la ng'ombe. Jamani, lilikuwa zuri. Watoto walijitazama humo, wakajitolea ndimi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa kama anaona fahari. Nikavua kandambili zangu, nikaziweka pembeni kwa adabu, nikapanda sitahani. Watu sita wakalinyanyua, "haya, harambee," likapanda, likaja mpaka kwenye mlango wa sitaha.

Mlango wa sitaha ni sitini kwa sitini.

Kwanza hakuna aliyesema kitu. Lilisimama pale mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa.

"Fundi."

"Naam, Nahodha."

"Mlango uliupima?"

"Uliniambia nipime tangi."

Wakalijaribu kwa ubavu. Wakalijaribu kwa kichwa. Wakalijaribu mshazari, huku mtu mmoja ambaye hata simjui akiwa chini ya sitaha anapiga kelele "njooni, njooni!" kana kwamba kule kuna nafasi ya kuja. Mwingine akataka lipakwe mafuta ya nazi, kama pete iliyokwama kidoleni. Fundi kasimama wima, hana wasiwasi hata chembe.

"Nahodha, hebu tulia. La zamani si limo ndani?"

"Limo."

"Na hili si kipimo kile kile?"

"Kile kile."

"Basi litaingia. Hesabu haisemi uongo."

Mnaona shida niliyokuwa nayo? Nimelitafuta kosa katika maneno yale mpaka leo. Watu wanatikisa vichwa, wanaafiki, fundi kasema kweli, kilichoingia huingia. Wakanigeukia mimi, kama kwamba mlango nimeupunguza usiku ili nisimalizie fedha ya mtu.

Tukamtuma mtoto akamwite mjomba, aliyeiunda mashua ile kwa tezo lake mwenyewe. Mjomba akaja na bakora. Shikamoo mjomba, marahaba. Akakaa juu ya gogo. Akaomba kahawa. Kahawa ikaenda kutafutwa, ikaja, akainywa, vikombe viwili. Jua linatuunguza, watu sita wamelishika tangi, na bahari huko nyuma nayo imeshageuka inarudi. Akasikiliza pande zote mbili kama kadhi. Kisha akasema:

"Nani kakwambieni kuwa lile liliingia?"

Kimya.

"Mie sikutia tangi kwenye mashua. Nililiweka tangi juu ya mataruma, hizi mbavu za chombo, kisha ndio nikafunga sitaha."

"Na likitoboka, mjomba?"

"Siku zile lilikuwa halijatoboka."

Akaomba kikombe cha tatu.

Nilichosema baada ya hapo sikitaji, kwa kuwa tulikuwa karibu na msikiti. Nilimkaripia fundi, nikamkaripia shemeji ambaye hata hakuwapo, nikamkaripia ng'ombe. Fundi akanisubiri nimalize, kisha akaniuliza kuhusu ile nusu nyingine. Na wallahi haikuwa tangi peke yake lililonipandisha. Nyumbani bomba la choo limepita chini ya sakafu ya jiko, na siku linapoziba nalazimika kuchagua kati ya mambo mawili ya lazima. Waya za umeme zimezikwa ndani ya plasta, hakuna ajuaye zinapita wapi ila panya. Sisi watu gani, kila kitakachoharibika tunakiweka chini kabisa, halafu juu yake tunapiga sakafu, tunapiga rangi, tunaalika watu waje kula pilau! Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu bado nasema.

La zamani tumelitoa kwa msumeno wa mkono, kipande kwa kipande, siku mbili. Grainda hatukuthubutu, cheche na dizeli na mbao zilizokunywa sifa ni jirani wabaya, na maji ya kuzimia moto ndiyo hayo yalikuwa yanavuja. Isitoshe umeme wenyewe, mnajua. Nimekaa mle tumboni mwa mashua nimejikunja, pua imegusa goti, nasikia nje watu wanaulizana kama nimelala.

Mashua imeelea siku ya mwisho ya bamvua, kwa sukumasukuma. Pale palipokuwa na tangi nimepanga madumu 18, nimeyafunga kamba. Moja likitoboka yanabaki 17. Wageni wakipanda kutoka majini, baharia anawamwagia kwa kopo, na wanafurahi hao! Wanapigana picha. Ule mfereji wa kuogea niliougharimia mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyewahi kuupiga picha.

Na tangi jipya liko uani kwangu. Mke wangu kalitia bomba la mvua kutoka paani, halidondoshi hata tone, majirani wanakuja kuchota. Jana kaniita mbele yao, kanikabidhi kikombe: "Baba Saidi, njoo uonje utwambie kama ni matamu."

Lakini hayo nimeyasamehe. Nisilolisamehe ni kandambili. Nilivua mbili, nimekuta moja. Ya kulia iko, ya kushoto hakuna, na maji siku hiyo hayakufika nilipoziweka, nilikwenda kupaangalia mwenyewe. Kwa hiyo kuna mtu hapa mjini kaondoka na kandambili moja ya kushoto, ya buluu, kisigino kimelika upande. Na leo asubuhi pale kwenye mikate nimetazama miguu ya fundi, nimeitazama vizuri. Kavaa viatu vya kufunika.