Udongo Mkavu Nao Hulowekwa

Niliacha uhasibu nikiwa na miaka 47, nikaenda kujifunza ufinyanzi. Tangu hapo methali moja hainibanduki: udongo uwahi ungali maji. Kaka yangu aliitamka kwenye simu, majirani wakaizungukazunguka, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniambia waziwazi kwamba mimi ni udongo uliokwisha kukauka.

Sasa naujua udongo, na naweza kumjibu. Udongo uliokauka haujapotea. Uponde, utie kwenye ndoo, umwagie maji, uache ulale bila kuukoroga. Kesho yake utaukuta umekuwa uji mzito, tayari kuchujwa na kukandwa upya. Tena ule uliokauka kabisa hulainika upesi kuliko wenye unyevunyevu, ambao maji hupata taabu kuuingia. Kisichorudi ni kilichopita motoni. Joto likizidi nyuzi 600 hivi, hata maji yaliyoungana na udongo wenyewe huwa yametoka. Hapo ni kigae, loweka mwaka mzima kitabaki kigae. Mtu wa miaka 47 hajapita jokoni.

Nilianzia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, ambako wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyouzwa mbali na ziwa lao. Mama aliyenipokea aliitikia shikamoo yangu, akaniangalia vidole, akasema, "Mwanangu, utakanda kwanza." Nilikanda wiki mbili. Kupata udongo usio na kiputo cha hewa wala kijiwe ni kazi ya mabega na kiuno, na kwa umri wangu mwili ulilalamika. Mama yule, aliyenizidi zaidi ya miaka 15, alikuwa akipara ukuta wa chungu kwa gunzi la mahindi huku akizungumza na wajukuu, na unene haukupishana popote.

Vyungu vyangu vya kwanza vilikuwa 14. Vilipasuka 11. Miaka yote ya kufunga hesabu za mwezi ilikuwa imenizoesha kukimbizana na tarehe, nikavipeleka motoni kabla havijakauka hadi ndani. Maji yaliyobaki yakageuka mvuke, mvuke ukatafuta njia. Mama hakunigombeza. Alichukua kipande, akanionyesha kovu la katikati ya ukuta, akanipa niende nacho. Ninacho mpaka leo.

Jambo linaloniuma ni hili: kazi yangu mjini inaitwa sanaa, ya mama yule inaitwa vyungu vya kupikia. Bakuli langu moja, lililopinda kidogo, linauzwa kwa bei kubwa kuliko mtungi wake uliosimama sawasawa. Sikubaliani na hali hiyo, ingawa mimi ndiye ninayefaidika nayo. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea usanifu wa michoro, akageukia udongo. Baadaye alikwenda Nigeria, katika mji wa Abuja ya zamani ambao leo unaitwa Suleja, kujifunza kwa Ladi Kwali, mwanamke aliyefundishwa ufinyanzi kijijini na shangazi yake, na ambaye leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Odundo alikuwa kijana bado, kwa hiyo simleti kama mfano wa umri. Namleta kwa sababu mitungi yake, iliyomo hadi British Museum, inajengwa kwa mkono na kung'arishwa bila kupakwa rangi inayogeuka kioo motoni, kwa maarifa ya akina mama kama yule wa Matema. Anayeanza ukubwani asijione mbunifu kuliko waliomtangulia.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi: mwaka wa kwanza niliishi kwa akiba, wa pili kwa akiba na mabakuli. Usiache mshahara kabla hujajua utakula nini.

Jana nilivunja mitungi miwili mikavu ambayo midomo yake haikunipendeza. Iko kwenye ndoo nyuma ya nyumba, nimeifunika kwa gunia. Kaka yangu anakuja Jumamosi; nitamwomba anisaidie kukanda.