Kambi ya Mkonge na Baraza la Ngamiani: Mandhari na Ubaguzi katika Hadithi Fupi

Darasani mandhari huelezwa kwa maneno mawili, mahali na wakati, kisha mwalimu anahamia dhamira. Kwa hadithi fupi inayozungumzia ubaguzi hilo halitoshi, na Tanga inaonyesha kwa nini.

Mkonge uliletwa huku mwaka 1893, enzi za Wajerumani. Mashamba yalipotanuka, wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, wakawekwa kambini, mbali na wenyeji. Mwandishi akianzia kambini, kwenye nyumba za mstari, kengele ya alfajiri na mikono iliyochanwa na miiba, hahitaji mhusika wa kutamka kwamba manamba ni mtu duni. Kambi imeshamtenga. Hadithi fupi haina kurasa za kusimulia chuki ilikotoka, kwa hiyo mahali ndipo panapobeba mzigo huo.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito: mahali hapabagui, watu ndio wabaguzi. Ukilitwisha shamba lawama zote, msomaji anafunga kitabu roho yake imetulia. Ule ulikuwa ukoloni, mnyapara alikuwa katili, yamepita. Nakubaliana nao kwamba hatari hiyo ipo, na ni kubwa.

Ila dawa si kupunguza mandhari, ni kuisogeza karibu. Mchukue kijana mzaliwa wa kambini huko Muheza, babu yake Muha wa Kigoma, amekuja kuposa Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga. Wazee wako barazani. Anatoa shikamoo, anaitikiwa marahaba, kahawa inamiminwa. Hakuna anayesogea kumpa nafasi kwenye mkeka. Mjomba wa binti anamuuliza kwa upole, "Kwenu hasa ni wapi, mwanangu?" Akijibu Muheza, watatazamana. Akijibu Kigoma, posa imeishia hapo. Swali hilohilo likiulizwa ndani ya basi la Dar ni maongezi ya safari tu. Barazani, mbele ya majirani wanaojua ukoo wa kila mtu, ni hukumu, na mjomba hakutamka neno hata moja baya.

Kwa hiyo wanaosema watu ndio wabaguzi wana haki, lakini mjomba yule angekosa nguvu bila baraza lake. Kuandika kambi ni rahisi zaidi, kwa kuwa mkosaji wake anajulikana tangu ukurasa wa kwanza. Mjomba ni mtu tunayempenda, anayetuozesha na kutuzika, na hana Mjerumani wa kumsingizia. Huyo ndiye ningependa waandishi wetu wamwandike.